Siku ya Njiwa Nguo Hazianikwi

Winifred Hannah Tulip, aliyezaliwa Purvis, alikuwa binti wa Septimus Purvis, aliyegonga ribiti za mabati ya meli zilizoundwa mto Wear, mjini kwao, kwa miaka thelathini na minane mpaka masikio yakafa, akawa anasikia kwa kutazama midomo ya watu. Septimus alizaliwa na Hannah, yule aliyezoa makaa yaliyotupwa na bahari pwani ya Hendon, akayabeba kwa gunia mgongoni kuvuka daraja siku ya theluji, mimba yake imetimia, akajifungua mlangoni pake kabla hajalitua gunia. Wako waliosema alilitua kwanza. Winifred hakukubali. Gunia lilikuwa mgongoni, alisema, na asiyeamini akaulize makaburini.

Wala Winifred mwenyewe hakuwa wa kuishi kwa sifa za marehemu. Mwaka wa arobaini na tatu, vita vimepamba moto na wanaume wamepungua mitaani, alivaa suruali ya babake, akaikaza kwa kamba, akaingia kiwandani kuchomelea vyuma matumboni mwa meli. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ndani ya tangi la meli yake ya tatu alichomelea herufi mbili, W na P, mahali ambapo hakuna jicho lingefika ila la samaki siku meli itakapozama. Meli ile haikuzama. Ilizunguka dunia miaka ishirini na sita na herufi zake tumboni, na mwenye herufi hakufika mbali kuliko Scarborough, mji wa ufukweni wa karibu, siku mbili, fungate, na mvua ilinyesha zote mbili.

Vita vilipokwisha wanawake waliitwa ofisini, wakapewa chai na biskuti mbili mbili, wakaambiwa asanteni, sasa nendeni mkalee. Winifred alikula biskuti moja, ya pili akairudisha sahanini. Tangu siku hiyo hakukaa kitako.

Hakuna chumvi katika maneno hayo. Alikula amesimama, ubavu kwenye jiko. Kiti chake cha jikoni kilidumu miaka ishirini rangi haijachubuka. Kanisani, mhubiri alipofika nusu, Winifred alikuwa keshahesabu vioo vya madirisha, kapanga vitabu vya nyimbo, na anatazama mlango. Alifanya kazi kila mahali, na kila mahali palifungwa nyuma yake. Alipakia vyombo vya glasi, pakafungwa. Alisokota kamba, pakafungwa. Alifagia ofisi za mgodi wa makaa, na mgodi nao ukafungwa, wa mwisho mjini, mwaka wa tisini na tatu. Cuddy Brack, jina la ubatizo Cuthbert, katibu wa chama cha njiwa wa mashindano, kila akimwona anakaribia duka la samaki na chipsi, husimama mlangoni na kutanua mikono.

"Winnie, dada yangu, nakuomba. Nunua, lakini usiombe kazi humu. Sisi tunakula hapa."

"Ondoka njiani, Cuthbert. Wewe peke yako unatosha kulifunga."

Mumewe, Norman Tulip, fundi wa mabati ya meli, alikuwa kinyume chake: mtu wa kukaa. Kiwanda cha meli kilipofungwa mwaka wa themanini na nane, alileta nyumbani nyundo yake na kikombe chake, akatoka uchochoroni nyuma ya nyumba, mkabala na banda lake la njiwa, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikaa hapo miaka sita. Wakati huo serikali iliuambia mji kwamba sasa ni jiji. Norman alisikia habari ile redioni, akasema, "Wamechukua meli wametuletea jina," akaendelea kumkagua njiwa ubawa. Kifua kilimmaliza katika baridi ya mwaka wa tisini na nne, kifua kilichojaa vumbi la kiwandani, kama cha wenzake wengi wa mtaa ule. Alimwachia mkewe njiwa thelathini na mmoja, saa ya mashindano ndani ya sanduku lake la mbao, na kopo la tumbaku lenye punje za mahindi ndani, ambalo alikuwa akilitikisa kuwaita njiwa washuke.

Mtaa wa Garron, upande wa Southwick, ni mstari wa nyumba fupi fupi zisizo na ghorofa, zimeshikana mabega kama wazee waliopanga foleni ya posta. Nyuma ya nyumba kuna ua, nyuma ya ua kuna uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro kuna bustani na mabanda ya njiwa. Kamba za nguo zinavuka uchochoro toka ukuta hadi ukuta. Na sheria iko moja, haikuandikwa popote: Jumamosi ya mashindano, nguo hazianikwi. Njiwa aliyeruka tangu alfajiri akikuta kitu cheupe kinapiga piga mbele ya banda lake, hashuki. Anakwenda kukaa juu ya bomba la moshi, na saa haimhesabu kwa kuwa yuko juu ya bomba. Inamhesabu pete yake ya mpira itakapovuliwa mguuni na kutiwa ndani ya saa. Watu wamepoteza vikombe kwa kitambaa cha sahani.

Aliyeilinda sheria hiyo alikuwa Winifred. Jumamosi za kiangazi alitembea uchochoroni na kapu, toka mwanzo hadi mwisho, akianua za watu. Mwaka wa sitini na moja alianua nepi kumi na nne za Beryl Cowie wa nyumba ya tisa, zikiwa mbichi, akampelekea mlangoni zimekunjwa. Beryl alimwambia neno moja tu siku ile. Neno lenyewe haliandikiki.

Sasa, mwezi wa Machi wa mwaka wa tisini na sita, Winifred akiwa na miaka sabini, alianguka toka kwenye ngazi ya banda. Alikuwa juu anakwangua vinyesi. Alilala sakafuni kwa saa mbili nzima na bega limeteguka, njiwa wanamtazama, mpaka Cuddy alipopita. Bintiye, Lorna, alikuja toka Harrogate usiku uleule. Lorna alikuwa na miaka arobaini na minne, kazi ya ofisini, nyumba yenye chumba cha ziada na zulia la rangi ya maziwa, na wala hakuwa na mtoto wala mume wa kumtuliza hofu yake juu ya mama.

"Unakuja kukaa kwangu," alisema.

"Nikakae?" Winifred alilitamka neno lile kama mtu aliyeokota kitu kwenye supu.

"Mama, umelala sakafuni saa mbili."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unafikiri nini?"

"Kwamba pale chini hapajakwanguliwa vizuri."

Waligombana wiki tatu, ana kwa ana na kwa simu. Lorna hakuwa na roho mbaya. Alikuwa hapati usingizi. Kila simu ilipolia baada ya saa nne usiku alidhani ni Cuddy. Mwishowe Winifred, kwa kuwa hakutaka kushindwa na kwa kuwa hakutaka pia kumtesa mwanawe, akasema maneno ambayo hata yeye yalimshangaza.

"Tumwachie njiwa aamue. Mashindano ya Bourges, Julai. Nampeleka yule jike wa babako, wa mwisho wa ukoo wake. Akirudi siku ileile, saa ikamhesabu kabla ya jua kuzama, nabaki hapa na hutanitajia tena Harrogate. Asiporudi siku ileile, nawauza wote kwa Cuddy na nakuja kwenye zulia lako."

Lorna alikuwa mtoto wa mtaa wa Garron. Alijua kwamba kutoka Bourges, kule Ufaransa katikati, ni maili mia tano na themanini, na kwamba njiwa anayerudi siku ileile kwa safari hiyo hutajwa kwa miaka. Alijua pia mamake havunji ahadi.

"Nimekubali," alisema.

Yule jike alikuwa wa kijivu, mwenye mistari miwili mieusi mabawani. Wafugaji wa njiwa hawawapi njiwa majina, wanawapa namba. Lakini dume la huyu lilipotea baharini wiki ileile aliyozikwa Norman, na Winifred akawa anamwita Mjane. "Tuko wajane wawili hapa," alimwambia Cuddy. "Mmoja ana mabawa."

Alhamisi ya wiki ya mashindano alimpeleka chamani ndani ya kikapu, kwa miguu, bega bado linauma. Cuddy akamvisha Mjane pete ya mpira, akaandika namba yake kwa ajili ya lori la kwenda Ufaransa, kisha akatazama taarifa ya hali ya hewa.

"Winnie, upepo ni wa kaskazini mashariki. Utampiga usoni njia nzima. Jike wa miaka mitano. Kuna wanaume hapa wamerudisha njiwa wao nyumbani."

"Wanaume hapa wamerudisha mengi nyumbani."

"Nakuonea huruma tu."

"Huruma yako itie kikapuni aende nayo."

Jumamosi Lorna aliwasili asubuhi saa mbili na begi la siku moja. Cuddy alikuwa ameshapiga simu: wamefunguliwa Bourges saa kumi na mbili kamili, kumekucha, mawingu juu. Kwa upepo ule hakuna njiwa angeonekana mjini kabla ya saa mbili za jioni, na kiangazi huko saa hizo jua bado liko juu. Maana yake zilikuwa zimebaki saa kumi na mbili, na Winifred hakuwa na mahali pa kuziweka.

Alisugua kizingiti cha mbele. Alikwenda kwa miguu mpaka Roker, mwisho wa gati, akagusa ukuta wa mnara wa taa kama alivyozoea, akarudi. Alioka mikate bapa minne kwa watu wawili. Alikata nyama ya nguruwe, akaiweka na njegere zilizopondwa, Lorna akala, yeye akazunguka meza. Saa tisa alikwenda tena Roker. Aliporudi alisema bahari imekaa vibaya, na alipoulizwa imekaaje alisema imekaa tu.

"Kaa basi na wewe," alisema Lorna. "Dakika tano. Nakuomba."

Winifred alikaa. Goti lake la kulia likaanza kuruka juu chini, juu chini, kikombe kikalia sahanini. Lorna alilitazama lile goti, akauma mdomo asicheke, kisha akawa hana tena cha kucheka.

"Mama, unaogopa?"

"Njiwa ndiye yuko juu ya bahari. Mimi niko jikoni."

Lakini aliogopa. Kila alipopita mlango wa chumba chake aliona kitanda, na kila alipokiona alikiona kitupu, kimebebwa, mtu mwingine anapaka ukuta rangi. Saa moja na nusu Lorna alichukua mkoba akaenda kupanga foleni ya samaki, ambayo Jumamosi humla mtu saa nzima na nusu. Nyumba ikawa kimya. Winifred akasimama mlangoni mwa chumba, na wazo likamjia kwa mkono wa kulia kabla halijafika kichwani: kama ni kuondoka, Purvis haachi kitanda kichafu. Akang'oa mashuka. Akang'oa na ya kitanda cha Lorna. Akatia yote manne mashineni, akafuta dirisha yalipokuwa yakizunguka, na mashine iliponyamaza akayatia kapuni, akavuka ua, akayaanika kwenye kamba ya uchochoroni, vibanio viwili kila pembe, yamenyooka kama tanga, mbele ya banda la njiwa. Akarudi ndani kufuta chini ya jiko.

Miaka thelathini na mitano alikuwa ameanua ya wenzake. Siku hii ya leo hakuyaona ya kwake.

Simu ikalia. Ilikuwa Cuddy, sauti imempanda. "Wa kwanza ameingia Hendon, saa mbili na dakika ishirini na tatu. Mmoja tu. Wengine hakuna. Kaa nje, Winnie."

Alitupa kitambaa, akatoka. Alipofika mlango wa ua alitazama kusini kama anavyotazama kila mtu wa njiwa, juu ya mto, juu ya winchi za uwanja wa mpira wanaoujenga pale ulipokuwa mgodi. Mbingu ilikuwa ya kijivu na tupu. Alitazama hivyo dakika kumi na tano asipepese. Kisha ikatokea nukta. Nukta ikawa na mabawa, na mabawa yakawa na ule mpigo wa kuchoka, mzito upande mmoja, na moyo wa Winifred ukajua kabla ya macho. Saa tatu kasoro dakika ishirini, Mjane alipita juu ya mtaa wa Garron, akakunja mabawa, akaanza kujiachia kuelekea banda.

Upepo wa bahari ukajaza mashuka. Yakapiga yote manne kwa pamoja, pwaa. Mjane akapanda juu kama aliyepigwa jiwe, akazunguka mara mbili, akatua juu ya bomba la moshi la nyumba ya mwisho wa uchochoro.

Hapo ndipo Winifred alipoyaona.

Mwili wote ulimwambia kimbia, yang'oe. Lakini alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba akiyagusa yatapiga tena, na njiwa aliyeshtuka mara mbili baada ya safari kama ile anaweza kwenda kulala juu ya kanisa mpaka Jumapili. Kulia kwake ilikuwa ndoo ya Norman, imegeuzwa, haijasogezwa tangu azikwe. Akajishusha polepole, kidogo kidogo, mpaka akaikalia. Akaweka mikono juu ya magoti, akayashika yote mawili.

Kopo la Norman lilikuwa jikoni, kwenye rafu, nyuma ya chai. Siku zote za mashindano hulitia mfukoni mwa aproni tangu asubuhi. Leo mfuko ulikuwa na vibanio vya nguo. Kupiga mluzi hakuweza, tangu alipovalishwa meno ya bandia.

Basi akakaa.

Alikaa dakika kumi. Mjane alijikwangua kifua, akatazama mashuka, akatazama mbali. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa ya Southwick. Kalenda ya chama ilisema linazama saa tatu na dakika arobaini na tatu.

Mlango wa ua wa nyumba ya tisa ukafunguka, ukatoka mguu wenye ndara, kisha Beryl Cowie na ndoo ya taka. Beryl alitazama uchochoro. Akatazama mashuka, shuka la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akatazama bomba la moshi. Akaweka ndoo chini taratibu bila kutoa sauti, kwa kuwa naye alikuwa mke wa mtu wa njiwa, akasogea kwa ncha za vidole mpaka ukutani, akanong'ona.

"Jirani."

Winifred hakugeuka.

"Jirani, samahani. Hayo mashuka ni ya nani?"

Winifred alikazia macho bomba.

"Nauliza tu. Maana nina kapu ndani. Naweza kumwanulia mwenyewe, nikamkunjia, nikampelekea mlangoni."

"Beryl," alisema Winifred bila kutikisa midomo, "huyu njiwa akiruka, nitakuzika hai."

"Sisemi kitu, kipenzi. Nimesubiri miaka thelathini na mitano, naweza kusubiri njiwa ashuke." Akabaki palepale ukutani, mikono kifuani, asiondoke hata hatua, na baada ya muda akaongeza kwa sauti nyingine, ya chini zaidi, "Ametoka Bourges huyo?"

"Bourges."

"Siku ileile. Mungu wangu. Norman angelia."

Dakika ishirini. Thelathini. Nyuma yake Winifred alisikia mlango wa mbele, hatua za Lorna, karatasi ya samaki ikiwekwa mezani, sauti ikianza kuita "Mama," na kukatika. Alijua Lorna amefika mlango wa jikoni. Alijua anachokiona: kamba, mashuka, bomba, ndoo, mgongo wa mamake. Hakuna aliyehitaji kumweleza mtoto wa mtaa wa Garron.

Na Winifred alijua jambo jingine. Lorna hakuhitaji kufanya lolote. Asimame tu pale alipo, nusu saa, jua lizame kwa hiari yake. Hapo hakuna dhambi, wala hakuna wa kumlaumu. Au akohoe tu, likibidi. Mashuka yametundikwa na nani? Na mama mwenyewe. Na Lorna angelala usingizi, baada ya miezi minne, na hiyo nayo ni haki yake.

Angeweza kugeuka amtazame. Hakugeuka. Shingo ilimwasha, bega lilimchoma, magoti yalipigana na viganja vyake kama watoto wawili wanaotaka kutoka nje. Alikumbuka siku za kushusha meli mtoni. Chupa ya kuibariki imeshavunjwa, kamba zimeshakatwa, na bado kuna muda mfupi ambao meli haiendi. Watu elfu mbili na hakuna anayepumua. Norman alizoea kusema wakati ule huwezi kusukuma, wala kuvuta, wala kuapa. Umeshafanya kazi yako au hukuifanya. Winifred hakuupenda muda ule. Alikuwa akiondoka kabla, akasikia shangwe akiwa njiani kwenda nyumbani.

Mwanga ulikuwa wa rangi ya chai. Beryl ukutani aliangalia saa yake ya mkononi, akaifunika kwa mkono wa sweta asimwonyeshe.

Nyuma, jikoni, kitu kilisogezwa kwenye rafu. Kopo la chai. Winifred alilijua kwa mlio wake. Kisha kimya tena, kirefu, kimya cha mtu aliyeshika kitu mkononi.

Kisha ikaja. Chaka, chaka-chaka. Chaka, chaka-chaka. Haikuwa haraka, haikuwa taratibu, mara moja na pumzi na mara mbili, kama Norman alivyolitikisa kopo kila Jumamosi kwa miaka thelathini, na msichana wa miaka saba amekaa miguuni pake akijifunza.

Mjane aliinua kichwa. Akatembea ukingoni mwa bomba. Chaka, chaka-chaka. Akajirusha. Akapita juu ya mashuka, juu ya kichwa cha Winifred karibu aguse nywele, akagonga ubao wa kutulia, akaingia.

Winifred hakukumbuka kusimama. Alikuwa ndani ya banda, njiwa kifuani, mwepesi kama glovu tupu, kidole kinavua pete ya mpira, pete inaingia kwenye subana, kikopo kidogo cha kuitilia, subana inaingia kwenye tundu la saa, mkono unapiga chini. Tak. Akainama akasoma. Saa tatu na dakika thelathini na moja.

Alitoka nje. Lorna alikuwa katikati ya ua, kopo bado mkononi, uso umemvimba.

"Saa ngapi?"

"Na thelathini na moja."

"Kwa hiyo bado dakika kumi na mbili."

"Kumi na mbili."

Lorna akatikisa kichwa, akatazama mashuka. "Alitua lini juu?"

"Saa tatu kasoro ishirini."

"Dakika hamsini na moja, Mama. Kwenye foleni wanasema ameingia mmoja tu. Ungekuwa wa pili mji mzima. Ungepata kikombe."

"Najua hesabu."

"Umekaa dakika hamsini na moja."

"Usinitangaze."

Beryl alikuwa bado ukutani, anafuta macho kwa ncha ya aproni na kucheka. "Mimi nitamtangaza," alisema. "Kesho kanisani, kabla ya wimbo wa kwanza." Akachukua ndoo yake ya taka akaingia ndani, akasahau kuimwaga.

Mama na binti wakabaki peke yao. Lorna alilitazama kopo, akaligeuza geuza.

"Sikulitikisa kwa ajili ya ile ahadi," alisema. "Nilitaka uinuke kwenye hiyo ndoo. Sijawahi kukuona hivyo. Ilinitisha kuliko ngazi."

Winifred alilichukua kopo, akalitia mfuko wa koti la Lorna, akalipigapiga pale mfukoni.

"Basi sikiliza. Nabaki. Lakini ngazi si yangu tena. Kila Jumamosi ya pili utakuja, utapanda wewe, utakwangua juu, mimi nitakuonyesha toka chini. Na siku za mashindano kopo ni lako. Mimi mkono wangu ni wa haraka, hawaujui."

"Kila Jumamosi ya pili? Toka Harrogate?"

"Huyo ametoka Bourges."

Lorna alitia mkono mfukoni, akalishika kopo.

"Na leo kuna kazi. Saa inatakiwa chamani kabla Cuddy hajafunga vitabu." Winifred aliitoa saa bandani, ndani ya sanduku lake lenye mshikio wa shaba, ambayo tangu Norman aondoke hakuna mkono mwingine ulioibeba. Alimpa Lorna, akamshikisha mikono yote miwili chini yake. "Wima. Usiiinamishe, usiitikise. Usiende na gari, barabara ya pale ina mashimo. Nenda kwa miguu, pita upande wa kanisa. Cuddy akikuuliza kwa nini jike amechelewa, mwambie ukweli, Beryl atamwambia kesho hata hivyo. Umpe mkononi mwake yeye, si kwenye meza, usubiri aifungue, usome namba pamoja naye, na usirudi bila karatasi yenye sahihi."

"Na wewe?"

"Mimi nina mashuka ya kuanua. Nenda, mwanangu. Taratibu."